Parrain wa nani?

Leo nimeingia kanisani na suti ya kukodi nikauliza: "Bibi arusi iko wapi?"

Batu wote bakacheka.

Rafiki yangu Eriki alinipigia simu: "Ndugu, Jumapili ukuwe parrain." Bon, nikajua hatimaye anamuoa mama ya mutoto wake. Kumbe ni batisimu, ubatizo wa mutoto! Musimamizi wa arusi, baba wa ubatizo, hapa Gisenyi neno ni moja: parrain.

Mama ya mutoto akaniwekea binti yake mikononi: "Bibi arusi wako ni huyu."

Arusi ni ya siku moja. Hii ni ya maisha yote, na mi hata kujilea sijaweza!

Padri akaniuliza kama niko tayari. Nikafungua kinywa niseme hapana.

Mutoto akakamata kravati yangu shingoni.

Nikasema ndiyo.

Nyinyi mungesema nini? Mujibu haraka, bado hajaiachilia.