Mdomo wa Shemeji

Usiniambie meno ni meno tu. Ulikuwepo wewe? Ulilishika lile fuvu? Basi tulia nikueleze, maana mjini hapa kila mtu anajua kilichotokea isipokuwa mimi niliyekuwepo.

Mnasema ningesema tu "ni yeye" mambo yakaisha. Yakaisha kwa nani?

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa mtu wa vitunguu: anashuka Ruaha Mbuyuni, ananunua shambani kwa watu, anapakia lori, analeta sokoni Iringa. Siku moja akashuka, hakupanda. Wenye lori walimsubiri mpaka vitunguu vikaanza kuota kwenye magunia. Polisi waliuliza huku na huku wakachoka. Baada ya hapo mji ukaamua wenyewe: huyu kadandia matenka ya mafuta ya Zambia, yuko Ndola na mwanamke, ananenepa.

Waliosema hivyo niligombana nao mmoja mmoja. Mimi ni fundi baiskeli, nina kibanda Mlandege, kazi nimejifundisha mwenyewe kwa kufungua vitu vya watu na kushindwa kuvifunga. Spana iko mkononi muda wote, kwa hiyo mtu akileta mdomo nilikuwa sihangaiki kutafuta cha kumnyooshea.

Nilikuwa na sababu. Mwaka ule niliposingiziwa kuiba baiskeli, ndugu zangu wa damu walikaa mbali waone kesi inaelekea wapi. Shemeji alikuja na blanketi. Alilala kwenye benchi nje ya kituo cha polisi mpaka mwenye baiskeli alipokumbuka kuwa aliiacha kilabuni. Hakunihubiria. Aliniambia tu, "Twende tukanywe chai, unanuka." Mtu kama huyo unawaachaje watu wamwite mtoro?

Lakini uangalie huo mtego. Kama hakutoroka, basi amekufa. La tatu hakuna. Kwa hiyo mimi niliyempenda ndiye niliyekuwa nazunguka mji mzima nikipigania awe maiti. Mama yake aliliona hilo kabla yangu.

"Wewe mtoto, mwanangu alikukosea nini?" aliniuliza siku moja. "Kila ukija hapa unamzika."

"Mama, mimi namtetea."

"Mtetee akiwa hai, basi."

Yule mama ni wa zile familia za pwani zilizokuja Iringa zamani na biashara ya nguo. Nyumba yao, ambamo dada anaishi naye, ina ua, na ua una mlango mmoja, na ufunguo anao yeye kwenye pindo la khanga. Si mtu mbaya, nasema hilo mapema. Kila jioni alimpakulia mwanawe chakula, akakifunika kwa kawa, akakiacha mezani. Asubuhi dada ndiye anakila kimeshapoa, kwa sababu chakula hakitupwi. Kuja kwetu Kihesa kumsalimia mama yetu hawezi, maana mume akirudi asimkute je? Kukaa eda hawezi, maiti hakuna. Kuolewa tena hata usiseme. Tulikwenda kwa sheikh, akasema mke wa mtu ni mke wa mtu mpaka ijulikane. Nikamuuliza ijulikane vipi. Akasema ijulikane tu, kijana, na usinipandishie sauti.

Dada alikuwa mtu wa kucheka. Akicheka jikoni, mpita njia anasimama. Ndani ya ile nyumba nikaja kumkuta anaongea kwa kunong'ona, kama vile kuna mgonjwa chumba cha pili.

Ndipo mifupa ikapatikana. Wakulima wa Ruaha Mbuyuni walikuwa wanachimba mfereji wa kumwagilia, ukingo wa korongo ukamomonyoka, fuvu likatoka na udongo. Polisi wakaleta hospitali Iringa, kila kitu ndani ya boksi la sabuni. Nguo hakuna, kiatu hakuna. Fuvu, taya, na mifupa mirefu michache. Utingo mmoja akaniletea habari, nikakiacha kibanda wazi.

Aliyekabidhiwa boksi alikuwa daktari wa meno, kijana mwembamba, anaongea polepole kama anahesabu maneno.

"Kamwene," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Wewe ni nani kwake?"

"Kwake nani?"

"Ndiyo swali langu mimi pia."

Nikainama nikaangalia. Meno ya juu, ya mbele kabisa, mawili hayapo. Shemeji alikuwa hana hayo hayo mawili. Alikuwa golikipa wa timu ya mtaa, na goti la mtu liliyang'oa kabla hajaoa. Akaapa haoi na pengo. Akaenda Mbeya kutengenezewa meno ya bandia, akarudi nayo, na siku ya harusi alicheka hata mahali pasipochekesha ili yaonekane. Akila nyama aliyatoa akayatia kwenye mfuko wa shati, na dada akamfinya chini ya meza.

"Ni yeye," nikasema. "Andika."

"Siandiki bado."

"Hilo pengo hulioni?"

"Naliona. Nataka kujua lilipatikana lini." Nikadhani ananitania. Akaniuliza, "Meno yake ya bandia alitengenezewa wapi?"

"Mbeya."

"Fundi huwa anachukua alama ya mdomo wa mtu kwa nta laini, halafu anamwaga plasta ndani yake. Ikikauka anakuwa na mdomo wa mtu, anatengenezea juu yake. Kama hajautupa, niletee."

Nilipata lori la mbolea, nikakaa mbele na dereva. Fundi wa meno nilimkuta Uhindini, chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, mzee ana unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Rafu zote za chumba kile zimejaa midomo. Mingine imefumba, mingine iko wazi kama inadai kitu. Chini ya kila mmoja jina kwa penseli.

"Situpi hata mmoja," akaniambia. "Walevi wanatapikia meno chooni, kesho yake wananijia na kitambaa mdomoni. Plasta ikiwepo sianzi upya." Akausugua mdomo wa shemeji kwa shati lake na kunipa. "Anataka mengine?"

"Labda."

"Mwambie akilala ayaweke kwenye maji, yasipinde."

"Nitamwambia," nikasema. Ningesema nini?

Njia nzima ya kurudi niliupakata, umefungwa kwenye kitambaa. Dereva akaniuliza nimebeba mayai. Nikamwambia meno. Hakuniuliza kitu tena. Nilikuwa nikiupapasa kwa kidole gumba, na kidole kikagundua kitu ambacho macho yangu yalikiona miaka yote bila kukiangalia: chonge la kushoto limegeuka, limeupa mgongo mdomo, kama mtu kwenye foleni aliyeitwa nyuma. Hapo kicheko chake kikanijia kizima, na lile jino lililokuwa linakwaruza mdomo wa chini akisema "shemeji". Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa naenda kuwafunga watu midomo. Lakini ilikuwa furaha ya msiba.

Hospitali daktari akatandika gazeti mezani karibu na dirisha, akaweka fuvu huku na plasta huku.

"Lete kidole." Akakiweka kwenye pengo la plasta. Pamelala, pamekuwa laini. Kisha akakipeleka kwenye pengo la fuvu. Mashimo mawili, marefu, kingo kali za kukwaruza. "Mtu aking'oka jino akiwa hai, shimo linajaa mfupa taratibu mpaka linajifunga. Shemeji yako aliishi na pengo miaka. Huyu hakuwa na pengo. Alikufa na meno yake ya mbele, yakaja kudondoka udongoni baadaye, nyama ilipokwisha."

"Udongo unaweza kuchimbua shimo."

"Hauwezi. Na angalia nyuma. Kwenye plasta gego hili halipo, liling'olewa. Kwenye fuvu lipo. Gego la mtu mzima halioti mara mbili."

Mimi nilikuwa nimeshaangalia chonge. Chonge la fuvu lilikuwa limenyooka. Limesimama wima kama askari, jino la mtu ambaye sijawahi kula naye.

Nikaanza kelele. Nikamwambia plasta hukosea. Akasema plasta inaweza kupungua kidogo ikikauka, lakini haigeuzi jino. Nikamwambia basi aandike labda.

"Nikiandika labda, mtamzika labda," akasema. "Na mwenye mtu wake ataendelea kumtafuta, wakati amelala kwenye kaburi lenu."

Nikapiga meza. Mdomo wa shemeji ukaruka, akaudaka kabla haujafika chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu asiyekasirika huwezi kupigana naye, na mtu mwenye haki hata ukipigana naye hupati kitu. Alinifungia plasta kwenye kitambaa na kunirudishia, kwa sababu pale ilikuwa haina kazi tena.

Nilipogonga ule mlango mmoja, mama mkwe wa dada ndiye aliyefungua. Ungo wa mchele uko kwenye mkeka. Dada alisimama mlangoni mwa jiko, mikono ina unga mpaka viwiko.

"Si yeye," nikasema.

Mama alikaa chini pale pale, akashika ardhi, akamshukuru Mungu kimya. Kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Akanikumbatia, mimi niliyekuwa namzika mwanawe, akanilowesha bega. "Nilikwambia, baba. Nilikwambia mwanangu mzima." Akamgeukia dada. "Katoe mashati yake uyafue. Yananuka dawa ya nondo."

Dada alikuwa ananiangalia mimi.

"Si yeye kabisa?"

"Si yeye."

"Uliangalia vizuri?"

"Niliangalia kwa kidole, dada."

Akaosha mikono, akaenda kutoa mashati.

Ile mifupa serikali iliizika bila jina. Sijui ni ya nani mpaka leo. Plasta mama aliniomba, akaiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, na kazi ya kuipangusa vumbi ni ya dada. Wale waliosema yuko Ndola walikuja kibandani kwangu wamejipanga. "Eh, fundi, tunasikia mtu wako mzima. Tunywe soda ya pongezi?" Spana ilikuwa mkononi. Sikuinyanyua. Ningempiga mtu kwa kosa gani, la kusema anachosema mama mwenye mtoto?

Nimemwambia dada nitavunja ule mlango nimlete Kihesa. Akaniuliza, nikishauvunja, kule Kihesa atakuwa nani. Mke wa mtu kwa mama yake, anakula chakula cha mama yake, wanaume wanaogopa kumsalimia. Nimekwenda mahakamani, karani kaniambia tusubiri, ila hakuniambia tusubiri nini.

Juzi nilimpelekea sabuni. Tuliongea pale mlangoni, yeye ndani mimi nje, mama anasikia lakini anajifanya anachambua mboga.

"Mdogo wangu," dada akaniambia, kwa ile sauti yake ya siku hizi, "yeye umempigania mpaka Mbeya. Mimi utanipigania lini?"

"Haya yote kumbe nampigania nani?"

"Yeye," akasema. "Na wewe mwenyewe hujui."

Akachukua sabuni.

Tangu hapo nafunga kibanda mapema, nakaa ndani kwangu napiga hesabu ile ile. Akiwa hai, basi amemwacha dada yangu aliwe na ile nyumba, na wote niliowanyooshea spana walisema kweli. Akiwa amekufa, yuko kwenye korongo fulani ambalo hakuna mtu atakayelichimba, na mama yake ataendelea kupakua. Na mtu aliyelala kwenye benchi kwa ajili yangu bado ni mtu aliyelala kwenye benchi kwa ajili yangu, hilo sijui kulifuta. Wewe unayejua kila kitu, niambie: nimwombee uhai, au nimwombee kifo?