Picha Tatu Mferejini

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile Mboghoni nilikuwa nimelikasirikia jua. Nilikuwa nikipiga picha za migomba ya kaka yangu. Nikipimia mwanga juani, kivulini panakuwa giza tupu. Nikipimia kivulini, anga linaungua lote. Nikaiweka kamera kwenye HDR: ukibonyeza mara moja, inapiga picha tatu mfululizo, moja ya giza, moja ya kadiri, moja ya mwanga, kisha inaziunganisha yenyewe ziwe moja. Zile tatu haizihifadhi. Sikujali, maana migomba haikimbii.

Zamu ya maji ilikuwa ya kaka. Alipoona mfereji umekauka, tukapanda juu, tukakuta jirani ameuziba kwa matope na shina la mgomba. Kaka akaling'oa kwa mikono mitupu.

"Rudisha hiyo kitu!" jirani akafoka.

"Zamu ni yangu mpaka saa kumi. Wewe ulimwagilia asubuhi. Enda nyumbani."

Jirani akaja na panga. Nikainua kamera, nikabonyeza.

Kaka alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia na kipande cha sikio. Damu ilianguka mferejini, ikateremka na maji hadi shambani kwake. Nilimfunga mkono kwa shati langu huku nikimtukana jirani matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, naye akitokomea.

Kwenye kituo cha polisi jirani alidai panga lilikuwa la kaka, kwamba wao walinyang'anyana tu. Nilicheka.

"Mimi niko na picha," nikamwambia afisa, nikaiwasha kamera pale kaunta kwa mbwembwe. Migomba ilitoka maridadi, kila jani linaonekana. Katikati walikuwepo watu wawili wa ukungu walioingiliana, mikono mingi, na panga lililofifia lisilojulikana limeshikwa na nani.

"Hii umetengeneza na kompyuta," afisa akasema, akanirudishia.

Nilirudi nimevimba kwa hasira, nikamweleza kaka jinsi kamera ilivyoniangusha. Alinisikiliza ameukumbatia mkono uliofungwa bandeji.

"Kwa hivyo inapiga tatu?"

"Tatu, moja baada ya nyingine."

"Na wewe unasimama tu, bila kutikisika?"

"Eeh. Ukitikisika inaharibika."

Kaka akauinua ule mkono wa bandeji.

"Alinikata mara tatu," akasema. "Nilikuwa nakuita."