Sakafu Nyekundu ya Sebuleni

Saa tisa alasiri mama alimaliza kupaka sakafu ya sebule rangi nyekundu, akatoka kinyumenyume na kufunga mlango. Hakujua kwamba nilikuwa nimelala nyuma ya kochi.

Niliikumbuka alasiri hiyo juzi, nilipomwona fundi kijana katika mtaa wa Pasua akipaka rangi sakafu ya chumba cha mpangaji, naye akirudi kinyumenyume vilevile.

Kwetu Marangu sebule ilifunguliwa Krismasi tu, ndugu walipokuja kutoka Dar. Nilikuwa nimejipenyeza kutazama vitambaa vipya vya makochi. Harufu ya rangi na mafuta ya taa ndiyo iliyoniamsha. Sakafu yote mbele ya kochi iling'aa kama maji, na dirisha lilikuwa na nondo.

"Mama! Niko humu!"

Dada yangu ndiye aliyechungulia dirishani. "Tulia hapohapo! Ukikanyaga umeharibu Krismasi ya watu. Tutakupitishia ndizi kwenye nondo mpaka wageni waje."

Nilimwamini. Sikujua kwamba rangi ile ingekauka kufikia kesho yake. Nilipanda juu ya kochi, nikakunja miguu, nikasikiliza masufuria yakigongana jikoni na ng'ombe akilia bandani. Nyumba ilikuwa ikiendelea bila mimi.

Hatimaye mama alifungua mlango. Alitazama kazi yake ya siku nzima, kisha akanitazama.

"Usikanyage, mama! Wageni!"

"Kwani hao wageni wanakuja kufanya nini, si kuikanyaga?" alisema. Akavua kandambili, akapita katikati ya rangi kuja kunibeba.