Nywele za Matanga

Kitana kilikuja na nywele zilizojaa kiganja changu. Nilizitazama bila kuelewa. Nikakipitisha tena, polepole, kuanzia nchani kama mama alivyokuwa akifanya, na tena zikaja, zimelowa, zinateleza, zimeshikana kama mizizi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameketi kati ya magoti yangu uani, na mimi nilikuwa ninamnyonyoa kama kuku.

"Yaya, mbona unaacha?" aliniuliza mimi, dada yake mkubwa.

Nilizitua nywele kwenye sahani, nikapitisha kitana tena.

Baba alikufa kwanza, na hapo ndipo nilipoacha shule ya masista nikaanza kukaanga mikate na mama, tukiuza njiani. Kisha mama naye akaondoka. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Kisangani, nami nilibaki na wadogo zangu wawili, wasichana wote. Katika ukoo wetu, mwanamke aliyefiwa alifungwa nywele kwa uzi mweusi siku ya mazishi, na uzi huo haukufunguliwa wala kichwa hakikuoshwa mpaka matanga yaondolewe. Tulifungwa sote siku ya kumzika mama. Mvua zikaja, zikapita, tukatwanga sombe la majani ya mihogo, tukaenda sokoni, tukalala, na uzi ukabaki vichwani mwetu.

Dada yake baba alifungwa pamoja nasi. Alikaa Ubundu akiuza samaki wa kukausha, na kabla hajapanda gari la moshi kurudi kwake, alisimama mlangoni akamwonyesha yule mdogo kwa kidole.

"Bon. Ninakuachia yeye mpaka siku ya kuondoa matanga. Nikirudi nikute mutoto iko mugonjwa, ao amekonda, nitamubeba. Nyinyi wakubwa mutajitafutia."

Sikumchukia kwa maneno hayo. Lakini tangu siku ile kila kijiko cha wali nilikiangalia kikiingia kinywani mwa mtoto. Alinenepa hata mashavu yakamjaa. Basi ilikuwa asubuhi ya kuondoa matanga, ambapo watoto hufunguliwa kwanza; shangazi alikuwa njiani, nami nilitaka amkute ameshaoshwa, anang'aa. Nilichemsha dongodongo, ile bamia yetu, nikaichuja kwa kitambaa, nikaacha maji yapoe, kisha nikamkata mtoto uzi. Yale maji mazito yenye utelezi ndiyo mama aliyotupaka baada ya sabuni ili kitana kipite bila machozi. Enzi zake zilidondoka nywele chache tu. Hizi zilijaza sahani.

Mdogo wangu wa pili alitoka jikoni, akaona, akacheka kabla ya kuelewa.

"Yaya! Umemupika kichwa kama sombe!"

Nilitumbukiza mkono ndani ya maji. Yalikuwa baridi kabisa. Hapo yule wa pili naye akaacha kucheka, maana sote wawili tulikumbuka kitu kimoja: mto wa mama katika ugonjwa wake wa mwisho, na nywele zilizobaki juu yake kila alipoinua kichwa.

Mtoto aligeuka, akaona sahani.

"Nitakufa pia?"

"Nyamaza," nilimwambia.

Nywele za mtu haziachwi chini. Hukusanywa, zikatupwa mtoni. Nilitandaza kitambaa nizifunge haraka, nikifikiri jinsi ya kumvika mtoto kilemba. Fundo lilikuwa bado halijashika pale kivuli kilipoangukia sahani. Shangazi alikuwa amesimama juu yetu na kikapu chake cha samaki kichwani.

"Ni nini hiyo?"

"Nywele zake, shangazi."

"Zote hizi? Za mutoto mumoja?" Alitua kikapu. Uso wake uligeuka rangi ya majivu. "Mungu wangu. Vile vile kama mama yake. Fungeni nguo zake."

Hakuna aliyesogea. Kisha nilisimama nikavuta kiti.

"Ukae kwanza. Kichwa chako bado kimefungwa."

Hakuweza kukataa. Matanga hayakuondolewa kwetu mpaka binti mkubwa wa marehemu amwoshe mkubwa wa ukoo kwa mikono yake. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu mtoto akae nami kidogo zaidi, hata kwa muda wa kuosha kichwa kimoja.

Nilikata uzi wake. Nikamwosha kwa sabuni, nikamimina maji ya dongodongo, nikashika kitana. Kilipofika nusu, kilijaa. Nilikivuta: fungu zima, na mvi ndani yake. Nikapitisha tena, zikaja nyingi kuliko za mtoto.

"Mbona mikono yako imenyamaza?" shangazi aliuliza.

Nilizunguka mbele yake nikaziweka kwenye kiganja chake.

Alizitazama, mdomo wazi. Akajipapasa utosi, kisogo, juu ya masikio, kama anayetafuta mlango gizani.

"Mie siko mugonjwa," alisema, akiniuliza mimi. Kisha, kwa ukali: "Wewe mudogo, kuja hapa!"

Alimlaza mtoto kichwa mapajani, akapasua nywele mstari kwa mstari. Zilikuwa nzito. Hakukuwa na upara popote. Hapo nikaelewa.

Nywele hudondoka kila siku, bila mtu kuziangalia. Zetu zilidondoka ndani ya uzi, zikakosa pa kwenda, tangu siku ya kaburi. Utelezi ule uliziachilia tu.

"Kumbe tulitembea na nywele za wafu vichwani," shangazi alisema. Akaanza kucheka, akalia, sijui ipi ilitangulia. Kisha akatushika mimi na wa pili: "Nyinyi nao mukae. Niwafungue uzi."

Siku ya kurudi Ubundu aliniomba kitambaa chenye nywele zake. Hakutaka kuziacha kwa mto wa watu wengine. Nilikipakia ndani ya kikapu, chini ya dongodongo aliloomba pia. Mtoto alimsindikiza mpaka kituoni, kichwa wazi, akarudi akinishika mkono.