Mrusha Visahani

Miaka sita mrusha visahani alikaa shimoni, kwenye uwanja wa shabaha wa Wazungu huko Kinondoni, kiganja kimeota sugu kwa kuvuta mtambo unaorusha visahani vya udongo angani vipigwe risasi. Kabla bunduki haijalia alishanong'ona, "Kakosa huyo," na Mfaume, msafisha bunduki, hakumbuki siku aliyokosea. Jumamosi hiyo bwana mmoja, kwa mzaha, alimpa mrushaji bunduki yake. Mfaume akashika mtambo, mrushaji akaita:

"Rusha!"

Kisahani kikapaa. Kwa mazoea, mkono wa mrushaji ukaiachia bunduki ukavuta hewani, kana kwamba bado kaushika mtambo. Wazungu wakaangua kicheko.

"Rusha!"

Safari hii kisahani kikawa vumbi jeusi. Kicheko kikakatika. Bwana akanyoosha mkono arudishiwe bunduki. Mrushaji hata hakumtazama.

"Mfaume, ndugu yangu," alisema kwa furaha, "weka kingine!"

Mfaume alikuwa keshaweka.