Mtangazaji Mpya na Salamu ya Bibi

Jamani, leo saa saba mchana televisheni imemsubiri bibi yangu aitikie salamu.

Bibi, hapa kwetu Gongoni, humwitikia mtangazaji wa habari kila siku. Leo yule aliyemzoea hayupo, kahamia kituo kingine. Kakaa binti mpya.

"Wakubwa zangu, shikamooni."

Bibi kanuna. "Simjui huyo. Siitikii."

Binti akanyamaza. Hasomi habari, anatuangalia tu.

Nikadhani king'amuzi kimekwama. Lakini maandishi ya chini yanatembea kama kawaida, na yeye anapepesa macho.

Akarudia, taratibu: "Shikamoo, bibi."

Nikamnong'oneza bibi: itikia basi!

"Marahaba, mwanangu."

Binti akatabasamu, akaanza kusoma.

Nimempigia dada yangu kule Puge, naye alikuwa anaangalia kituo hichohicho. Anasema kwake binti kasalimia mara moja tu, akaendelea na habari.

Mlioangalia, kwenu ilikuwaje? Nijibuni upesi, maana bibi keshaniagiza:

"Kesho uwashe mapema. Tusimsubirishe mtoto wa watu."