Nilikuwa Sindano ya Ampermetre

Mwaka wa mwisho wa sekondari, katika mchepuo wa hesabu na fizikia, kazi yangu darasani ilikuwa kuwa sindano. Mwalimu wetu wa fizikia, tuliyemwita Prof, alichora ubaoni duara kubwa la ampermetre, kile kipimo cha mkondo wa umeme, akaandika namba kutoka sifuri hadi tano, halafu akanisimamisha mbele ya mchoro huo kwa sababu nilikuwa msichana mrefu kuliko wavulana wote. Yeye alitaja kiasi cha mkondo, mimi nikausogeza mkono wangu hadi mahali pake, na darasa likasoma kwa sauti. Ndivyo tulivyopima umeme mjini Likasi, Kongo, miaka ile, baada ya maabara ya shule kuporwa hadi soketi za ukutani.

"Weye, mukono usitetemuke," Prof aliniambia kila mara. "Aiguille, ile sindano, haitetemukake!"

Nilitetemeka kwa kukosa subira, si kwa uchovu. Kutulia kulinishinda. Kila Jumatatu tulichungulia kwanza dirishani kuona kama Prof amekuja, maana mwalimu wa kemia alikuwa ameshahamia Zambia kuuza vitenge, na wa jiometria alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Mshahara wao ulikuwa hadithi tu. Nilitaka kufanya mtihani wa serikali kabla Prof naye hajatuacha, nipate diploma, niondoke. Kwenda wapi, sikujua. Nilikula nimesimama, nilisoma nikizunguka uani, hadi mama akasema nitaumaliza udongo wote kwa miguu.

Chaki nayo ilikuwa taabu. Mwanzoni Prof alichora mzunguko mzima: betri, swichi, balbu, ampermetre. Chaki zilipopungua akaacha swichi. Kisha akaacha balbu pia.

"Ampoule muiweke mu kichwa," alisema. "Craie inaisha."

Kwa miezi nikawa naona betri na ampermetre zimeunganishwa kwa mistari miwili mitupu, nami nimesimama hapo, mkono juu. Balbu ikatoka hata kichwani.

Nyumbani, baba alikuwa fundi umeme wa mgodini kwa miaka mingi, hadi kazi ilipozimika na wote wakarudishwa makwao. Hakuwa na diploma yoyote. Alikuwa na ampermetre, ya kweli, kisanduku cheusi chenye kioo, aliyoinunua enzi ambazo mshahara ulikuwa mshahara. Hiyo ndiyo iliyotulisha. Wenye malori walimletea dinamo zilizokufa, akapima, akasuka nyaya upya, jioni tukapika bukari, ugali wetu.

"Iyi machine ikikufa," alizoea kusema, "minye naenda Kamatanda."

Kamatanda watu walichimba madini kwa mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo hata moja. Mama hakutaka kulisikia jina hilo mezani. Kile kisanduku tulikatazwa kukigusa.

Mchana mmoja wa mvua baba aliitwa kwenye lori lililokwama barabara ya Mulungwishi. Alichukua koleo na nyundo tu. Kisanduku akakiacha mezani kisilowe, kando ya betri ya mteja. Nikaizunguka meza. Nikaizunguka tena. Nilikuwa nimechoka kuwa sindano. Nilitaka kuiona sindano yenyewe ikisogea, mara moja tu, kabla mtihani haujaniuliza habari zake. Nikachukua nyaya mbili, nikaunganisha kama nilivyozoea kuona ubaoni. Betri na ampermetre, basi.

Sindano iliruka ikagonga mwisho wa kioo. Moshi ukatoka, harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumba, waya ukaniunguza vidole nikautupa. Papo hapo nikaelewa: hapakuwa na balbu, hapakuwa na chochote cha kuuzuia mkondo. Nilielewa vizuri kuliko siku zote za darasani, na kuelewa huko hakukumsaidia mtu.

Baba aliporudi sikumficha. Alikigeuza kisanduku, akakinusa, akakitikisa karibu na sikio. Nilitamani anipige, yaishe. Akaniuliza tu, polepole:

"Banakufundishaka nini ku masomo?"

Jumatatu iliyofuata baba aliazima sururu ya jirani akaenda Kamatanda.

Prof aliponiita tena ubaoni, nilimnyang'anya chaki mkononi, nikachora balbu, ndipo nikanyoosha mkono. Darasa likaangua kicheko. Prof hakucheka. Tangu siku hiyo hakuiacha balbu tena, hata chaki ilipobaki kipande cha kushikwa kwa kucha.

Mtihani wa serikali ulileta michoro mitano na kuuliza ni upi utakaoiunguza ampermetre. Wenzangu walikokotoa. Mimi niliisikia ile harufu, nikaweka alama kwenye ule usio na balbu.

Matokeo yalipobandikwa, jina langu lilikuwamo. Wenzangu wakanimwagia poda kichwani, kama tunavyomfanyia kila aliyepata diploma, nikaenda nyumbani mweupe hadi kope. Jioni baba akafika kutoka Kamatanda, naye amejaa vumbi, lake jekundu. Tukasimama mlangoni tukitazamana.

"Balikuuliza nini?"

"Ampèremètre, baba. Hapana kuiweka yenyewe tu ku batterie. Itaungua."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ile mvua. Akaniwekea mkono kichwani, poda ikashika kwenye vidole vyake vilivyopasuka.

"Iyo minye nilikuwa najua," alisema, "bila diplôme."

Nilicheka naye. Mwaka mzima nilikuwa nimeililia diploma kama ruhusa ya kuondoka, na sasa nilikuwa nayo. Kesho yake alfajiri aliyeondoka alikuwa baba, sururu begani, kwenda Kamatanda.